Lugha ya Dakika za Mwanzo: Kiswahili na Mafunzo ya Huduma ya Kwanza Nyumbani na Kazini, Machakos

Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, nje ya mji wa Machakos, liliwaka moto wanafunzi wakiwa usingizini. Wavulana 67 walipoteza maisha. Mlango mmoja wa bweni hilo ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma, hivyo wengi hawakuwa na njia ya kutokea.

Mkasa huo hutajwa aghalabu panapozungumziwa nidhamu ya wanafunzi na ujenzi wa mabweni, na ni haki utajwe hivyo. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ulitaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Hapana huduma ya kwanza inayoweza kushindana na kufuli. Jambo hili lafaa kusemwa mapema, kwa kuwa yapo mafunzo yanayomwaminisha mwanagenzi kwamba bendeji na ujasiri vinatosha. Somo la kwanza ni kuzuia ajali, la pili ni usalama wa mwokoaji mwenyewe, na ndipo linapofuata la majeruhi.

Hata hivyo, wapo wanaobaki hai baada ya ajali. Yupo mtoto aliyemwagikiwa na chai huko Kathiani, mwashi aliyeingiwa na saruji machoni huko Athi River, mzee aliyeanguka ghafla akiwa katika foleni ya benki mjini. Kabla ya gari la wagonjwa kufika, au kabla ya bodaboda kupatikana, zipo dakika kadhaa ambazo haziko mikononi mwa daktari yeyote. Makala haya yanachunguza Kiswahili kinachotumika, au kinachopaswa kutumika, katika dakika hizo. Hoja yake ni kwamba huduma ya kwanza, ingawa ni kazi ya mikono, huanzia katika lugha: mtu huona, huliita jambo kwa jina, kisha hutenda au humwamuru mwingine atende. Jina likiwa silo, tendo nalo huwa silo. Mwanafunzi wa Kiswahili kwa hiyo ana la kuchangia katika somo ambalo kwa desturi limeachiwa wauguzi na maskauti.

Jina la somo lenyewe

Somo hili lina majina mawili. Nchini Kenya limezoeleka jina la huduma ya kwanza. Kwingineko husikika pia msaada wa kwanza. Katika kamusi tofauti ni ndogo, lakini katika fikra si ndogo. Huduma, masikioni mwa Mkenya, ni kitu kinachotolewa na mwenye ofisi au mwenye taaluma. Kuna huduma za benki, huduma za afya, na tangu mwaka 2013 kuna vituo vya serikali vinavyoitwa kwa jina hilohilo la Huduma, ambako raia hupanga foleni. Msaada hutolewa na jirani.

Asili ya somo iko upande wa jirani. Mwaka 1878, huko Woolwich nchini Uingereza, daktari wa jeshi Peter Shepherd na afisa mwenzake Francis Duncan walianzisha mafunzo kwa watu wasiokuwa madaktari, ili ajali ikitokea kazini au barabarani apatikane mtu wa kufanya jambo kabla ya tabibu kuwasili. Shepherd mwenyewe aliuawa katika vita vya Isandlwana, Afrika Kusini, Januari 1879. Fikra yake ilifika Kenya kupitia St John Ambulance, iliyoanza kazi nchini mwaka 1928, na baadaye kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965. Mazoea ya lugha hayabadilishwi kwa amri, na jina la huduma ya kwanza litaendelea kutumika, hata katika makala haya. Lakini mwalimu wa somo hili hana budi kueleza siku ya kwanza kwamba anayengojewa si mtu wa ofisi fulani. Anayengojewa ndiye aliyeketi darasani.

Damu na vitenzi vyake

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeingia darasa la huduma ya kwanza hugundua upesi kwamba lugha yake imetangulia kufika. Vitabu vya mafunzo hugawa uvujaji wa damu kwa aina ya mshipa uliokatwa: vimishipa vidogo vya ngozini, vena, na ateri. Mwanagenzi hukariri majina hayo kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Kiswahili kina vitenzi. Damu hudondoka, huvuja, huchuruzika, hutiririka, hububujika, hufoka. Anayesema damu inavuja amekwisha kutoa taarifa kwamba si ya kutisha. Anayesema inatiririka ametaja mkondo usiokatika, na hiyo aghalabu ni vena. Anayesema inafoka, tena kwa kufuatana na mapigo ya moyo, ametaja ateri, na mwenye jeraha hilo aweza kufa katika muda wa dakika chache.

Ni kosa basi kumfundisha mwanagenzi neno ateri kabla ya kumwuliza damu inatokaje. Kitenzi kikishatajwa, tendo linafuata. Jeraha hukandamizwa moja kwa moja kwa kitambaa safi, iwe leso au shati lililofuliwa, kwa nguvu na bila kuachia. Kitambaa kikilowa hakiondolewi ili kutazama. Kingine huongezwa juu yake. Kioo au kipande cha chuma kilichozama mwilini hakichomolewi. Kinachokandamizwa ni pande zake. Damu ikifoka kutoka mkono au mguu na isikome kwa kukandamizwa, kiungo hufungwa juu ya jeraha, mbali na goti au kiwiko, kwa kitambaa kipana kinachokazwa kwa kijiti mpaka damu ikome, na saa ya kufunga huandikwa mahali ambapo daktari ataiona. Kamba nyembamba au waya hukata nyama bila kuzuia damu. Kitambaa hicho hakilegezwi njiani, hata majeruhi akilalamika kwa uchungu.

Majivu, udongo na mafuta ya taa bado hutiwa katika majeraha katika nyumba nyingi, za Machakos na za kwingineko. Majivu na udongo huonekana kukausha damu, lakini ndizo njia fupi zaidi za pepopunda.

Moto, maji na dawa ya meno

Hapa ndipo lugha husaidia zaidi, na hapo hapo ndipo inapodanganya zaidi. Madaktari hupima kuungua kwa kina. Kiswahili nacho hufanya hivyo: ngozi huungua, hufanya malengelenge, hubabuka, huteketea. Mpangilio huu una manufaa kwa sababu vitabu vingi hueleza kuungua kwa juujuu kwa kutaja wekundu wa ngozi, na wekundu hauonekani vyema katika ngozi nyeusi. Muuguzi au mzazi anayengoja kuuona atadhani mtoto hakuungua. Ni afadhali kuuliza kama ngozi inauma ikiguswa, kama imetoa malengelenge, kama imebabuka. Tena uchungu si kipimo cha kutegemewa. Moto uliofika ndani kabisa huharibu neva, na jeraha lisilouma huwa baya kuliko linalouma.

Tiba ya mwanzo ni maji ya kawaida ya baridi, si barafu, kwa muda wa dakika 20. Ni muda mrefu. Mtu aliye katika taharuki hudhani dakika tatu zimekuwa ishirini, ndiyo maana ni lazima saa itazamwe. Katika sehemu za Ukambani ambako maji hutafutwa mbali, agizo la kuweka mkono chini ya bomba kwa dakika 20 husikika kama mzaha. Hesabu yaweza kusaidia. Mtungi mmoja wa lita 20, ukimiminwa kwa kikombe lita moja kila dakika, hutosha dakika 20 kamili. Mtungi huo ndio huduma ya kwanza yenyewe, na nyumba yenye watoto wadogo na jiko la mafuta au la makaa haifai kulala bila mtungi uliojaa. Ikiwa maji yamechelewa, yanaweza bado kuleta nafuu hata baada ya saa moja au mbili. Hadi saa tatu inakubalika kuwa kuna faida. Mtoto aliyeungua sehemu kubwa ya mwili afunikwe pale pasipoungua, asije akapata baridi kali. Pete na bangili huvuliwa mapema kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandamana na ngozi haibanduliwi. Baada ya maji, jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi au plastiki safi bila kukazwa, na malengelenge hayatumbuliwi.

Kwa nini basi dawa ya meno? Karibu kila darasa la huduma ya kwanza huwa na mtu anayeuliza swali hili, na jibu la kawaida la mkufunzi ni kwamba ni imani potofu. Jibu hilo halitoshi. Lugha yenyewe imeipa bidhaa hiyo jina la dawa, na tena inapopakwa ngozi huhisi ubaridi. Mzazi anayeipaka hafuati ushirikina. Anafuata jina na hisia, na vyote viwili vinamdanganya. Ubaridi wa mnanaa hauondoi joto lililozama ndani ya ngozi. Huongeza tu uchafu ambao daktari atalazimika kuusugua baadaye kutoka katika jeraha bichi. Mafuta ya kupikia, ute wa yai na unga hazina hata udhuru huo wa jina. Mkufunzi anayejua Kiswahili atatofautisha kuhisi baridi na kupoa, na atakuwa amefanya zaidi ya yule anayekemea.

Nguo zikishika moto mwilini, amri ni tatu: simama, lala, bingirika. Kukimbia huupepea moto. Moshi nao humlazimu mtu kutambaa, kwa kuwa hewa inayoweza kuvutika huwa karibu na sakafu. Kila mwanafunzi wa bweni anapaswa kuyafanya haya kwa mwili wake mwenyewe, mchana, angalau mara moja kwa muhula.

Kupaliwa na kusakamwa

Katika mazungumzo ya kila siku husikika kwamba fulani amenyongwa na chakula. Usemi huo unaeleweka, lakini unaziba tofauti ambayo Kiswahili sanifu inayo na ambayo maisha hutegemea. Aliyepaliwa ameingiwa na maji au chakula katika njia ya hewa, naye anakohoa. Aliyesakamwa ana kitu kilichokwama kooni. Wa kwanza, maadamu anakohoa kwa nguvu na anaweza kusema, hewa inapita; huachwa akohoe, hutiwa moyo, hapigwi mgongo wala hapewi maji. Wa pili hakohoi wala hasemi. Hushika koo, macho yakamtoka, na mtoto hulia bila sauti.

Huyo wa pili huinamishwa mbele na kupigwa kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara tano. Kitu kisipotoka, mwokoaji husimama nyuma yake, humzungushia mikono, huweka ngumi juu ya kitovu na chini ya kidari, na kuvuta ndani na juu mara tano. Hatua hizo mbili hupokezana mpaka koo lifunguke au fahamu zipotee. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hasukumwi tumbo kamwe. Hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, hupigwa mgongoni mara tano, kisha hugeuzwa chali na kusukumwa kidari kwa vidole viwili mara tano. Mwenye mimba nayo imekua husukumwa kifua badala ya tumbo.

Kosa linalotokana na neno moja kubeba mambo mawili ni kosa la pande zote mbili: aliyepaliwa hupigwa mgongo mpaka tonge lililokuwa likitoka linakwama, na aliyesakamwa huambiwa akohoe.

Mengine kwa ufupi

Kifafa huitwa ugonjwa wa kuanguka, na watu wengi huogopa povu la mgonjwa wakidhani linaambukiza. Haliambukizi. Kijiko hakitiwi mdomoni, viungo havishikwi kwa nguvu. Kinachowekwa ni kitu laini chini ya kichwa, na saa hutazamwa. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla ya fahamu kurejea, mgonjwa ni wa hospitali. Likiisha, hulazwa ubavu.

Nyoka, ambaye Mkamba humwita nzoka, ni tatizo la wakulima, wachungaji na watoto wanaolala sakafuni. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na hilo peke yake laeleza kwa nini mazoea mabaya yamedumu. Jeraha halichanjwi, halinyonywi, wala mguu haufungwi kwa kukazwa. Jiwe jeusi linalobandikwa juu ya jeraha halinyonyi sumu, linanyonya muda. Mgonjwa atulie, kiungo kisitikiswe, kifungiwe banzi kama kilichovunjika, na safari ya hospitali ianze. Swila akitema mate machoni, macho huoshwa kwa maji mengi.

Mafuta ya taa hutunzwa mara nyingi katika chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hujua soda. Hapa kitenzi cha hatari ni kutapisha. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, kwa sababu yanapopanda hupenya mapafuni. Wala maziwa hayamfai. Hupelekwa hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Sumu nyingine ina historia yake Machakos. Juni 2005, watu zaidi ya 40 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Methanoli haionyeshi makali yake papo hapo. Yaweza kupita nusu siku au zaidi kabla ya mnywaji kulalamika kwamba anaona ukungu, tumbo linamuuma na anapumua kwa kasi. Sentensi iliyozoeleka majumbani ni “mwacheni alale, pombe itamtoka”. Ni sentensi ya huruma, nayo inaua. Mlevi asiyeamka akiitwa si mlevi tena kwa maana ya kawaida. Ni mgonjwa asiye na fahamu. Hulazwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, na hupelekwa hospitali pamoja na wote waliokunywa naye, hata wanaojiona wazima.

Kanda, kandamiza, na swali la kupumua

Moyo ukisimama, maneno mawili huchanganywa. Kumkanda mtu kifua ni kumsugua kwa upole, kama afanyavyo mama kwa mtoto mwenye mafua. Kumkandamiza kifua ni kukishindilia. Mkufunzi anayesema “mkande kifua” atamwona mwanagenzi akisugua maiti. Kinachotakiwa ni kuweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, na kukandamiza chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikiachwa kiinuke kila mara. Aliyefunzwa huongeza pumzi 2 kila baada ya makandamizo 30. Asiyefunzwa akandamize tu bila kukoma. Mbavu zikilia, kazi haikomi.

Kabla ya hapo kuna maswali mawili: anaitika? anapumua? Swali la pili ndilo gumu. Aliyesimama moyo huweza kuvuta pumzi mojamoja kwa kukoroma kwa muda kidogo, na watazamaji hutangaza kwa furaha kwamba bado anapumua. Hapumui. Kiswahili kinatofautisha kupumua, kuhema, kutweta na kukoroma, na mwanagenzi anapaswa kuulizwa ni kipi kati ya hivyo anachokisikia. Kama si kupumua kwa kawaida, kifua kikandamizwe.

Amri na adabu

Tatizo lisilotajwa katika vitabu vya mafunzo ni adabu. Kijana wa chuo aliyefunzwa huduma ya kwanza anaweza kujikuta sokoni mjini Machakos, mama mmoja amekatwa vibaya na bati, na walio karibu wote ni wakubwa wake kwa umri. Malezi yake yanamtaka aombe: “Samahani mama, naomba kama itawezekana unisaidie kushika hapa.” Mpaka sentensi imalizike, leso imelowa. Upande wa pili kuna kijana anayepiga kelele, “Shikeni! Fanyeni kitu!” na hapana anayeshika, kwa kuwa hapana aliyetajwa.

Kiswahili kina njia ya tatu. Jina la heshima hubaki, ombi huondoka: “Mama, bonyeza hapa kwa nguvu.” “Mzee, keti nyuma yake, aegemee kifua chako.” “Wewe kijana wa shati jekundu, piga simu 999, kisha rudi uniambie wamesema nini.” Mwito wa heshima hutangulia, kitenzi hufuata mara moja katika hali ya kuamuru, na mahali huonyeshwa kwa kidole. Katika mazingira hayo hapana mzee atakayeona amevunjiwa heshima, maadamu ameitwa mzee.

La kuzingatiwa pia ni ukanushi. Amri za “usi-” humzuia mtu bila kumpa kazi. Anayeambiwa “usimnyanyue” husita kidogo, kisha hunyanyua, kwa sababu mikono yenye hofu haikai bure. Afadhali aambiwe “shika kichwa chake hivi hivi, kisigeuke.” Jambo hili lina uzito mkubwa katika ajali za barabarani, ambako majeruhi hukunjwa na kupakiwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, uti wa mgongo ukiwa umeumia. Waliompakia hawakukosa upendo. Walikosa sentensi ya kuwaambia la kufanya.

Mahali pa kazi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke na kutunza sanduku au kabati la huduma ya kwanza. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hizi ni haki nzito. Lakini sanduku la huduma ya kwanza aghalabu huwa na maandishi ya Kiingereza, na si ajabu kukuta limetiwa kufuli na ufunguo umo mfukoni mwa msimamizi aliyekwenda chakula cha mchana.

Athi River, upande wa kaunti ya Machakos unaoelekea Nairobi, kuna viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya kuuza nje. Wafanyakazi hutoka Ukambani, Magharibi, Pwani na kwingineko, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Saruji mbichi huchoma ngozi kama magadi makali, polepole, bila kishindo. Ile kavu hupanguswa kwanza, ndipo maji mengi yafuate. Iliyoingia jichoni huoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kichwa kimeinamishwa upande wa jicho lililoumia ili maji yasivukie jicho zima. Aliyeshikwa na umeme haguswi mpaka swichi kuu izimwe. Maagizo haya matatu yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika kibao kimoja na kutundikwa ukutani, na hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuimaliza kwa jioni moja, mradi atakaporudi na rasimu yake amsomee fundi wa kuchomelea na kumwomba afanye kama ilivyoandikwa. Fundi akisita mahali, sentensi ya mahali hapo ifutwe.

Jaribio hilohilo lafaa kurudiwa nyumbani wakati wa likizo, kwa bibi aliyeko Mwala au Masinga ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Kwake moto ni mwaki, na mafunzo yasiyovuka mpaka huo wa mwisho yameishia barabarani.

Kupiga simu

Nambari za dharura nchini ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Wanafunzi wanapoigiza mazungumzo ya simu darasani huanza kwa salamu, kisha majina yao, kisha kisa kwa mfuatano wa kupendeza, na mwishoni kabisa hutaja waliko. Hiyo ni insha. Katika sehemu nyingi za Machakos hakuna nambari za nyumba wala majina ya barabara, na mahali huelezwa kwa kanisa, shule, soko au daraja. Mahali patajwe kwanza, tena mara mbili: “Kyumbi, upande wa kuingia Machakos, karibu na kituo cha mafuta.” Lifuate tukio kwa kitenzi kimoja, kisha idadi ya walioumia, kisha hali ya aliye mbaya zaidi, anaitika au haitiki, anapumua au hapumui. Jina la mpigaji simu huja mwisho, na simu haikatwi mpaka upande wa pili uikate. Sababu ya mpangilio huo ni ya kawaida sana: chaji ya simu inaweza kuisha baada ya sentensi ya kwanza, na sentensi hiyo ndiyo itakayolileta gari.